Tanga Dogo la Mama Turubai

Mtu akikuita mtaalamu mara ya kwanza, unakataa. Mara ya pili unacheka. Mara ya tatu unajikuta unajibu maswali. Hivyo ndivyo Sylvia Aluoch, mshonaji wa maturubai ya malori mjini Eldoret, alivyogeuka kuwa bingwa wa ziwa ambalo hajawahi kulitia hata kidole cha mguu.

Jina ndilo lililomponza. Ukiitwa Aluoch, jina la kule ziwani, na unaishi Uasin Gishu, kaunti hii ya Eldoret, wewe ni mtu wa ziwa, mambo yamekwisha. Jirani akinunua samaki, anapita kwanza kibandani kwa Aluoch ili amkagulie macho ya samaki huyo. Aluoch anainama, ananusa, anakunja uso, anasema, "Huyu ni wa juzi," na jirani anaondoka ameridhika. Samaki wa Aluoch mwenyewe, tusidanganyane, hutoka kwenye katoni la barafu dukani, na hana habari amevuliwa bara gani.

Aluoch alizaliwa Langas, mtaa wa hapa hapa Eldoret, akasomea Langas, akaolewa na kuzalia Langas. Babake, marehemu mzee Ooko, alikuja huku kufanya kazi katika kiwanda cha nguo, akawalea wanawe kwenye baridi hii hii yetu. Hata kwao asili ni Ugenya, na mtu wa Ugenya akitaka kuliona ziwa inambidi asafiri kama wewe na mimi. Aluoch ameliona mara tatu, kutoka mbali, kila mara akiwa njiani kwenda mazishi ya watu wa upande wa mamake. Nani atasimamisha msafara wa maiti ati achungulie maji?

Lakini alitamani, jamani. Alitamani vibaya. Babake alipanda mashua ya tanga mara moja tu maishani, kijana bado, akaisimulia safari ile kwa miaka thelathini, na kila mwaka safari ilikuwa ndefu zaidi na mawimbi makubwa zaidi. Mwishowe mzee alikuwa karibu kufika Uganda. Aluoch alikaa miguuni pake akisikiliza, na hata sasa, akiwa na miaka hamsini na mbili na wajukuu wawili, akiona picha ya mashua kwenye kalenda husimama kuitazama mpaka mwenye duka amuulize kama anataka kitu.

Kazi yake haikumsogeza karibu na maji hata kidogo. Kibanda chake kiko pale malori ya mahindi yanapopanga foleni, na siku nzima anakanyaga cherehani yake kubwa, uzi wa nailoni mdomoni, sindano ya gunia imechomekwa kwenye kilemba. Madereva humwita Mama Turubai. Turubai lake haliruhusu upepo kuingia, hiyo ndiyo sifa yake kutoka Turbo mpaka Nakuru. Upepo kwake ni mwizi. Unatafuta mahali palipolegea, unatia mkono, unainua, unapasua, mvua inafuata, na kufika Cheptiret magunia kumi yamelowa. Kwa hiyo Aluoch hufunga kila pembe, tena hufunga kwa kukaza, kisha hukaza tena.

Basi Februari hii, ule mwezi ambao upepo wa mchana huku kwetu hubeba mabua, nguo na wakati mwingine mabati, mzee mmoja mrefu aliingia kibandani amevua kofia, kwa sababu ingepeperushwa. Alikuwa Mzee Isaiah Mburu, mkulima na mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Soy. Alikaa kwenye kreti, akapangusa miwani, akasema, akimwita kwa jina la mwanawe aliyerithi la babu:

"Mama Ooko, nimeambiwa wewe ni mtu wa ziwa."

Aluoch aliondoa mguu kwenye cherehani. Alidhani ni samaki. "Ndiyo, Mzee. Mlete nimuone."

"Si samaki. Ni mashua. Nimejenga mashua."

Narudia, kwa sababu Aluoch pia ilibidi arudiwe: mzee wa Soy, mtu wa mahindi na misumari, alikuwa amejenga mashua. Pembeni mwa shamba lake kuna bwawa kubwa lililochimbwa zamani na mzungu, na tangu astaafu kilimo na kumwachia mwanawe shamba, Mzee Mburu alikuwa akiangalia video kwenye simu mpaka macho yakawa mekundu. Alinunua mbao za plywood, akanunua gundi, na baada ya miezi minane mashua ya futi kumi na nne, yenye mlingoti na matanga mawili, ilitoka ghalani ikiwa imepakwa rangi ya kijani iliyobaki baada ya kupaka geti.

"Inaenda?" Aluoch aliuliza.

"Inaenda sana! Hiyo ndio shida. Hizi sails ni kubwa, na huu upepo wa siku hizi unauona. Mwezi jana imenitupa kwa matete. Kimutai, dereva wangu, akanitoa na trekta, majirani wote wakiangalia." Alipangusa tena miwani kwa uchungu. "Na Njeri, bibi yangu, ameapa. Amesema nikivutwa na trekta tena hata mara moja, mashua inakuwa hori ya ng'ombe. Ashaipima, Mama. Ng'ombe sita wanakula pamoja, watatu huku, watatu huku."

Alitoa simu akamwonyesha picha. Alichotaka ni tanga la mbele, dogo na nene, la kutumia siku za upepo mkali. "Wanaiita storm jib," alisema kwa heshima, kama mtu anayetaja jina la askofu. Ni pembetatu tu: kimo futi sita, upana futi nne, rangi inayoonekana mbali. "Unajua kushona hii?"

"Turubai la pembe tatu," alisema Aluoch. "Nitashindwaje?"

"Na kuifunga? Unajua kuifunga kwa mashua?"

Hapo ndipo mwanamke mwenye akili angesema hapana. Kuuliza si ujinga, na kukiri si aibu. Lakini fikiria: miaka hamsini na mbili ya kutamani, halafu mashua inajileta yenyewe kibandani na kukaa kwenye kreti. Ikigeuzwa hori, mashua nyingine itatoka wapi Eldoret? Aluoch alijikuta anacheka kicheko cha mtu wa pwani ya ziwa, kicheko cha mtu aliyenyonyeshwa ndani ya ngalawa.

"Mzee, hayo si ni mambo ya kwetu?" akasema. "Nitakuja mwenyewe nikufungie. Na nitapanda, nihakikishe."

Wiki ile alishona kama bibi harusi anayejishonea gauni. Alichukua turubai la rangi ya chungwa, lile zito la malori ya ng'ambo, akalikata pembetatu, akaizungushia kamba pindoni. Kila pembe aliiwekea viraka vitatu na pete ya chuma iliyopigwa kwa nyundo. Ukingo wa mbele, unaopaswa kushikana na ule waya unaoshuka kutoka mlingotini hadi kwenye pua ya mashua, aliutilia kulabu ndogo alizonunua duka la dawa za mifugo, zile za minyororo ya mbwa. Wateja wakimuuliza ni lori gani hilo dogo, alijibu kwamba ni lori la majini, halafu anacheka peke yake mpaka uzi unamtoka mdomoni. Usiku hakulala vizuri. Mumewe Johnstone alimuuliza kama ni presha imepanda, akasema ndiyo, na haikuwa uongo.

Jumamosi alifika Soy na tanga lake limeviringishwa kama mkeka. Pale kwenye kingo za bwawa aliwakuta wote. Mzee Mburu alikuwa amevaa kaptura, kitu ambacho watu wa Soy walikuwa hawajawahi kukiona. Njeri, mwanamke mnene mwenye gumbuti za mpira na sweta ya kanisa, alikuwa amekaa juu ya bamba la gurudumu la trekta, mikono imekunjwa. Kimutai, dereva, alikuwa ameshaliwasha trekta, mnyororo umetandazwa chini tayari.

"Mbona trekta inanguruma na hatujaingia?" Mzee Mburu akalalamika.

"Betri ni mbaya, Boss," Kimutai akasema. "Nikizima, saa ile nitahitajika itakataa."

"Saa ile utahitajika," Mzee akarudia, amekasirika.

Njeri alimwamkia Aluoch vizuri, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Mama, karibu. Mimi sina ubaya na wewe. Lakini maji ni ya kunywesha ng'ombe. Mwende mpaka ile miti ng'ambo, mrudi wenyewe, na mimi sitasema kitu tena. Mkivutwa, kesho ng'ombe wanakula ndani. Mungu ni shahidi."

Kulikuwa na jaketi mbili za kuelea, za mitumba, moja ya mtu mzima na nyingine ya mtoto yenye picha ya bata. Ya bata ndiyo iliyomwangukia Aluoch, na haikumfunga kifuani mpaka alipotoa sindano kilembani na kuiongezea kipande cha kamba. Kisha akaingia ndani ya mashua. Iliyumba, akakaa chini kwa kishindo, akashika pande zote mbili, na akatabasamu kwa meno yote kusudi asionekane anaogopa. Alikuwa ndani ya mashua! Angekufa papo hapo, angekufa amefurahi.

Tanga alilifunga kwa ustadi wa kutisha. Kulabu za mbwa alizishikiza kwenye waya moja moja, kutoka chini kwenda juu. Pembe ya juu Mzee aliivuta kwa kamba mpaka mlingotini, na pembe ya mbele Aluoch aliifunga kwenye pua ya mashua. Ikabaki pembe ya nyuma, ile yenye kamba mbili, moja ya kwenda kulia na moja ya kwenda kushoto. Hapo mikono yake haikumuuliza hata ushauri. Ilifanya kama inavyofanya kila siku kwenye lori. Ilivuta ya kulia ikafunga kwa fundo la madereva, ikavuta ya kushoto ikafunga, ikarudi kulia ikakaza, ikarudi kushoto ikakaza. Tanga likanyooka katikati ya mashua kama ukuta. Ungelipiga kofi lingelia kama ngoma.

"Hapo hata upepo uje na askari," Aluoch akasema, "hauingii."

Mzee Mburu alilitazama tanga, akaitazama simu, akalitazama tena. Kwenye video halikuonekana hivyo. Lakini nani yeye, mtu wa Kiambu kwa asili, amsahihishe mtu wa ziwa? Alifungua tanga kubwa, akalikunja libaki nusu, akashika usukani, na Kimutai akawasukuma.

Mashua ilianza kwenda. Tena ilianza kwenda vizuri sana, ila ilikuwa ikienda kinyumenyume.

Upepo ulikuwa ukilikata bwawa kwa ubavu, na tanga dogo lilikuwa limefungwa pande zote lisiupokee. Kwa hiyo upepo ulifanya unachofanya kwa mtu anayeufungia mlango: uliwasukuma. Pua ya mashua iligeuka huku, ikasita, ikageuka kule. Matete, yale yale ya mwezi jana, yakaanza kusogea kutoka nyuma. Na kando kando ya bwawa, polepole, bila haraka yoyote, trekta lilikuwa likiwafuata. Njeri juu ya bamba la gurudumu aliinua mikono akaonyesha urefu, kisha upana, kama mtu anayepima hori.

"Mama Ooko!" Mzee alipiga kelele. "Kwenu mnafanya aje hapa? Sema haraka!"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Aluoch ilikuwa imebakiza kama mita arobaini. Alifungua mdomo akiri. Lakini alitazama matete, akatazama mnyororo mikononi mwa Kimutai, akaona kabisa vichwa vya ng'ombe sita vikitafuna pale alipokaa, na akapandwa na hasira. Hakumkasirikia Mzee wala Njeri. Alilikasirikia turubai. Tangu lini turubai lake likamwaibisha?

Akaliangalia kwa mara ya kwanza kama kitu kingine. Miaka thelathini amekuwa akimfukuza mwizi. Na kama leo yule si mwizi? Kama ni mgeni, na yeye amemfungia mlango kwa makufuli mawili?

Alivuta mkia wa fundo la upande wa upepo, likafunguka lote mara moja, kama fundo la madereva linavyofunguka. Kisha akalegeza la upande wa pili. Tanga likaruka, likaanza kupigapiga kwa makelele ya ajabu, pa! pa! pa! pa! Mzee aliinamisha kichwa akidhani wameisha. Lakini sauti ile Aluoch aliijua kuliko sauti ya mumewe. Ni sauti ya turubai lililolegea barabarani, na dawa yake haijabadilika: unavuta taratibu mpaka linyamaze, na likinyamaza tu, unaacha. Ukizidi unalitesa. Alivuta kamba ile ya pili shubiri moja. Pa! pa! Akavuta nyingine. Pa! Akavuta nusu shubiri, na tanga likanyamaza. Likajaa. Likatoa kitumbo kizuri cha rangi ya chungwa, na kamba mkononi mwake ikawa nzito kama mbuzi anayetaka kwenda shambani.

Mashua ililala kidogo ubavuni, ikatulia kama inayofikiri, kisha ikaondoka.

Ikaondoka! Matete yalirudi nyuma. Maji yalianza kuongea chini ya plywood, kwanza kwa kunong'ona halafu kwa kupayuka, na rasharasha zikampiga Aluoch usoni, baridi ya Februari ya Soy, na badala ya kupiga kelele alipiga kigelegele. Kilikuwa kigelegele cha harusi, cha mtihani, cha mtoto wa kwanza. Mzee Mburu alikipokea kwa wimbo wa Kikuyu ambao hakuna aliyemtegemea mzee wa kanisa aujue. Bata wa kwenye jaketi alikuwa amelowa. Kingoni trekta liliongeza mwendo, likaongeza tena, likachoka, likabaki nyuma.

"Wanakimbia trekta!" Kimutai alisikika akipiga mayowe, amesahau yuko upande gani. "Mama, wanakimbia trekta!"

Walifika kwenye miti ya ng'ambo. Pale Mzee alisukuma usukani, pua ikageuka, tanga likapiga kelele kidogo, na Aluoch, ambaye sasa hakuhitaji kuulizwa, aliachia kamba ya kushoto na kuvuta ya kulia mpaka likanyamaza. Kurudi walikwenda kasi zaidi. Aluoch alicheka njia nzima. Alicheka mpaka mbavu zikamuuma, akajaribu kuacha, akamtazama Mzee aliye na kaptura imelowa na miwani imejaa matone, akaanza upya. Kama babake angekuwa hai, safari hii ingemnyamazisha.

Mashua iligusa ukingo taratibu, yenyewe, bila mnyororo wala msukumo wa mtu. Mzee Mburu alimtazama tu mkewe kwa macho ya mtoto aliyeleta ripoti nzuri ya shule.

Njeri alishuka kwenye trekta. Alikuja mpaka majini, akaligusa tanga la chungwa kwa vidole viwili, akaufuata ushonaji kutoka kiraka hadi kiraka.

"Nimeshindwa," alisema. "Mashua ni yako, Mzee. Nimesema sitasema kitu tena." Lakini hakuondoka. Alisimama pale gumbuti zikizama kwenye tope, akitazama maji yalivyokuwa yakimetameta mpaka ng'ambo. Aluoch akaitambua sura ile. Aliijua vizuri. Ilikuwa sura yake mwenyewe mbele ya kalenda.

"Ni nzuri," Njeri akasema, kwa sauti ndogo. "Lakini wewe umezaliwa nayo, Mama Ooko. Iko kwa damu. Nyinyi watu wa ziwa maji yanawajua. Mtu kama mimi, wa jembe, naweza nini?"

Aluoch angeweza kunyamaza tu. Mashua ilikuwa imeokoka, jina lake lilikuwa juu kuliko mlingoti, na kesho habari zingefika mjini kabla yake. Aluoch aliutazama umaarufu wake mara moja ya mwisho, kama mtu anayemtazama kuku aliyemfuga kabla ya Krismasi.

"Mama," akasema, "mimi kwetu ni Langas."

"Najua unaishi Langas."

"Nimezaliwa Langas. Sijui kuogelea. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kupanda mashua. Ile ya kwenda kinyumenyume ni mimi niliifunga vibaya, kama lori."

Hata trekta lilionekana kunguruma kwa sauti ya chini. Mzee Mburu alivua miwani. "Mara ya kwanza?" akauliza polepole. "Na mimi nimekupatia maisha yangu? Mimi nilikuwa nakufuata wewe!"

"Na mimi nilikuwa nakufuata wewe, Mzee. Wewe ndio umejenga mashua."

Kimutai ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akaegemea gurudumu. Mzee akafuata, kisha Aluoch, ambaye kusema kweli alikuwa hajaacha. Njeri peke yake hakucheka. Alimkazia macho mwanamke huyu wa Langas kuanzia kilemba kilicholowa, sindano ya gunia, mpaka bata wa kifuani, kana kwamba ndiyo kwanza anamwona akifika.

Kisha akaegemea mashua, akavua gumbuti ya kulia, akavua ya kushoto, akazipanga kingoni vizuri, pua zikitazama nyumbani.

"Mzee, shuka unipe hiyo jaketi," akasema. "Utapanda baadaye. Kimutai, zima hiyo trekta, inamaliza mafuta bure."

"Na nani atashika usukani?" Mzee akauliza.

"Si utanielekeza ukiwa hapo hapo kwa kingo? Kwani wewe umefundishwa na nani, si simu?"

Akaingia. Mashua ikayumba vibaya, Njeri akamshika Aluoch shingoni, Aluoch akashika mlingoti, na wote wawili wakapiga kelele moja. Mzee Mburu, maji magotini, aliisukuma kwa nguvu zake zote.